Marehemu aliniambia "ile miti iangalie", shemeji anataka tuikate

Shangazi, shikamoo.

Kamwene, na poleni na baridi huko Mbeya. Huku Mafinga ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, chuma cha cherehani kinakuwa cha baridi hadi vidole vinagoma. Mimi ni mama wa miaka 39, fundi cherehani, mjane mwenye watoto wawili. Binti yangu wa kwanza amemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi uliopita na mdogo wake wa kiume yuko darasa la tano. Naomba jina langu lisitoke, ukoo wetu ni mkubwa na safu yako inasomwa.

Mwaka 2014, mwezi wa kwanza, mimi na marehemu mume wangu tulipanda paini eka sita upande wa Igowole. Tulipanda wenyewe, yeye akichimba mashimo, mimi nikiweka miche, mvua inatunyeshea, nina mimba ya huyu wa darasa la tano. Kwa hiyo miti na mtoto ni wa umri mmoja. Mume wangu alifariki 2019. Siku mbili kabla, nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, alinishika mkono akasema: "Mama, ile miti iangalie." Hakuongeza neno.

Sasa mwezi huu shemeji yangu, mdogo wake marehemu, amekuja na dalali wa mbao. Dalali anataka kununua miti yote ikiwa imesimama kwa shilingi milioni 18 taslimu. Anataka jibu kabla ya Saba Saba kwa sababu mashine zake za dingdong zinamalizia kupasua mbao shamba la jirani, na anasema akishazihamisha harudi tena. Shemeji anataka tuuze. Katika pesa hizo milioni 10 niziweke kwenye kikundi chao cha parachichi upande wa Njombe, ambako wamekodi ardhi na watapanda Hass, na zitakazobaki nimsomeshe binti chuo. Anasema paini imekwisha, watu wote wanang'oa wanapanda parachichi, ndiyo dhahabu ya kijani. Na kweli Shangazi, huku watu wote wanazungumza parachichi, kanisani, sokoni, hata kwenye msiba.

Tayari nimeshatoa kiingilio cha shilingi 1,200,000 mwezi wa tatu. Nashona sketi ya shule kwa 7,000, hivyo waweza kuona nimekanyaga cherehani kiasi gani kuipata. Katiba ya kikundi inasema kiingilio hakirudishwi. Nikisema sasa sitaki, pesa ile imekwenda bure, na nafsi inakataa kabisa.

Sikukurupuka, nimeuliza. Nimeuliza watu saba na watu wote saba wameniambia parachichi inalipa. Wanne ni wanakikundi wenzake shemeji, mmoja anauza miche, na wawili ni wakulima wanaojulikana. Mmojawapo amejenga nyumba ya bati jekundu kwa hilo hilo tunda. Kwa macho yangu nimeiona.

Upande wa pili yuko mama mkwe wangu. Yeye hataki kusikia. Anasema mwanawe aliiacha ile miti kwa ajili ya wajukuu na nikiikata nitakuwa nimemzika mara ya pili. Neno hilo limenikaa kifuani, silali.

Lakini nikisubiri pia naogopa. Mwaka jana mwezi wa kumi kuna mtu alikuwa anachoma majani shambani kwake, moto ukamshinda, ukala eka nne za jirani yetu. Ulizimika kwenye kijito, hatua chache kutoka kwetu. Mwaka huu ukivuka je?

Shemeji ni mtu mwema, Shangazi. Alinisimamia msibani, akalipa ada ya binti alipokuwa kidato cha pili. Hawezi kunidanganya. Nikimkatalia nitaonekana sina shukrani. Karatasi ya shamba ni ya serikali ya kijiji, ina jina la marehemu. Mirathi hatukufungua kwa sababu hapakuwa na ugomvi. Shambani kwenyewe sijafika tangu Desemba, kazi za sare zilinibana.

Naomba uniambie tu, niuze au nisiuze? Watu wote wa hapa wanaona mimi ndiye ninayechelewesha.

Wako,
Fundi wa Mafinga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, kamwene.

Pole kwa miaka hii ya kubeba peke yako shamba mlilolipanda wawili. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Umeniomba niseme uuze au usiuze. Jibu hilo sitalitoa, na usidhani nakukwepa. Miti sijaiona, na hata ningeiona, wa kulala na matokeo ni wewe na wanao. Nitakachofanya ni kukaa nawe kama tumekaa jikoni kwako, tuyafungue haya mafundo moja moja, kwa sababu nadhani yamefungwa pamoja kwa haraka, na haraka yenyewe si yako.

Unavyolieleza, swali ni moja: milioni 18 na parachichi, au kubaki na miti na kumkosea shemeji. Mimi nikisoma naona maswali manne. Liko la kuuza miti, yote au sehemu, sasa au baadaye. Liko la kuingia kwenye kikundi. Liko la ada ya binti, ambalo lina tarehe yake. Na liko la wewe kubaki na ndugu wa mume wako bila kinyongo. Shemeji ameyafunga yote kwa kamba moja na kukukabidhi, ukayapokea hivyo hivyo. Ukiyafungua unaweza kukuta la kwanza linajibika bila la pili, na la tatu lina mlango ambao hakuna aliyekuonyesha.

Nianze na hilo la binti kwa kuwa ni jepesi zaidi. Katika barua nzima hujataja Bodi ya Mikopo. Umechukulia kwamba ada yote itatoka kwenye miti. Binti yako amefiwa na baba, na Bodi huliangalia hilo inapopima uhitaji wa mwombaji. Wanachotaka ni cheti cha kifo kilichohakikiwa RITA, wale wakala wa kusajili vizazi na vifo, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, nacho kihakikiwe hivyo hivyo. Uhakiki huo huchukua muda, na wengi hukosa mkopo kwa kuchelewa vyeti tu. Cheti cha kifo kipo? Kama hakipo, hiyo ni safari ya wiki hii. Mkopo unaweza usipatikane au ukapatikana kidogo, kwa hiyo usiutegemee wote. Lakini kuuza miti ukijua pengo ni la kiasi gani, na kuiuza ukidhani pengo ni la ada yote, ni mambo mawili mbali mbali.

Sasa tuje kwenye milioni 18. Nikuulize, bei hiyo imetoka wapi? Ni dalali aliyeitaja, akaja shemeji akairudia, na kuanzia siku hiyo nyote mnahesabu mkianzia hapo. Mwaka 1974 watafiti wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, waliandika juu ya jaribio moja ambalo sisi Waafrika tumo ndani yake. Walizungusha gurudumu lenye namba mbele ya watu, wakalitega kwa siri lisimame kwenye 10 au kwenye 65. Kisha wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Gurudumu halina uhusiano wowote na Afrika. Hata hivyo, kwa walioona 10 jibu la katikati lilikuwa 25, na kwa walioona 65 likawa 45. Namba ya kwanza kutamkwa ilikuwa imeshawashika mkono. Kahneman baadaye, mwaka 2002, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za namna hii. Dalali wa Mafinga hakusoma hayo popote, lakini anajua kwamba anayetaja bei kwanza ndiye anayeuweka mnada pale anapopataka.

Basi tuanzie kwingine. Kama mlipanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, kama wengi wanavyopanda huko, eka moja inachukua miti kama 450, na eka sita miti 2,700. Gawanya milioni 18 kwa hiyo. Inakuja shilingi 6,600 na kitu kwa mti mmoja. Sketi yako ya shule inazidi hapo. Usikimbilie kusema umepunjwa, maana hiyo ni hesabu ya shamba ambalo halijakosa mti hata mmoja. Kama mia nane zilikufa, au nyingi ni nyembamba na zimepinda, bei kwa kila mti uliobaki inapanda na dalali anaweza kuwa mkweli kabisa. Ninachokuonyesha ni kwamba mpaka leo, katika nyie watatu, aliyehesabu miti ile labda ni dalali peke yake.

Na kuhesabu unaweza, tena kipimo unacho shingoni kila siku. Chukua tepu yako ya kushonea, mchukue na binti, nendeni Igowole. Msihesabu eka zote kama mtachoka. Hesabuni mistari michache pembeni, michache katikati, michache bondeni. Kila mti wa kumi uzungushie tepu kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, hapo kifuani, ndipo watu wa misitu wanapopimia. Mzunguko gawanya kwa 3.14, unapata upana wa mti. Mti wenye mzunguko wa sentimita 63 una upana wa 20. Binti aandike kwenye daftari. Mkirudi na daftari hilo, pitieni kwa afisa misitu wa halmashauri, na TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, nao wana kituo Mufindi. Waulizeni miti ya vipimo hivi inatoa mbao gani leo na itatoa mbao gani ikiachwa miaka mingine mitano. Kisha mtafuteni mnunuzi wa pili na wa tatu. Dalali akikasirika kwamba umepima mali yako, na hilo nalo ni la kuandika kwenye daftari.

Juu ya kusubiri, nimeona umeandika kana kwamba kuuza ni hatari na kutouza ni kukaa salama. Halafu mistari michache chini yake unaniambia habari za moto. Kutokata nako ni uamuzi, mwanangu, una gharama zake. Ukiacha miti isimame, Agosti mpaka mvua za Novemba zinakuja na majani makavu, na barabara ya kuzuia moto hujaniambia kama ipo au imeota nyasi. Kuilima kunataka vibarua na pesa. Matawi ya chini yamepogolewa? Miti imewahi kupunguzwa? Kuachia paini bila kuihudumia kwa miaka kumi mingine si sawa na kuitunza kwa miaka hiyo.

Lakini liko jambo linalotofautisha pande hizi mbili, na ningependa ulikalie. Paini haichipui kisikini. Mlingoti ukiukata unatoa machipukizi, baada ya miaka una mti tena. Paini ukiikata umeikata, unaanza na mche na shimo kama mlivyoanza Januari ile. Miti yako ina miaka 11, na kwenye mashamba ya Serikali kama Sao Hill paini huachwa miaka 18 mpaka 25 kabla ya kuvunwa. Ya kwako bado inanenepa. Kwa hiyo ukichelewa kuuza mwaka mmoja na ukakuta umekosea, mara nyingi bado unaweza kuuza. Ukiuza na ukakuta umekosea, hakuna kurudi. Kinachoweza kuvuruga hesabu hiyo ni moto, ndiyo maana barabara ile inanihangaisha kuliko hata dalali.

Kati ya kukata yote na kuacha yote pana nafasi ambayo sijaiona kwenye barua yako. Wako wanaopunguza: wanatoa miti membamba na iliyobanana, wanaiuza nguzo na mirunda, wanaacha mizuri inenepe. Pesa yake ni ndogo, na usiposimamia, mwenye msumeno atachagua minono akuachie mikonde, hilo hutokea sana. Wako wanaouza eka moja au mbili za upande ulio hatarini kwa moto na kuacha zingine. Hapo nako upepo huingia kwenye ukingo mpya, na mnunuzi wa eka mbili hatatoa bei ya mnunuzi wa eka sita kwa sababu gharama za kuhamisha mashine ni zile zile. Hakuna njia isiyo na mwiba. Nakutajia ili usione iko milango miwili tu.

Sasa parachichi. Shemeji hajaota. Soko lipo, linakua, na mwaka 2022 Tanzania ilisaini makubaliano ya kuingiza parachichi China. Njombe na Rungwe kuna watu wamesomesha watoto kwa tunda hili, na nyumba yenye bati jekundu ni ya kweli. Ila nitazame na wewe wale watu saba. Wanne ni wanakikundi, wa tano anauza miche, na wawili waliobaki ni wakulima ambao umewajua kwa sababu wamefanikiwa. Aliyepanda miche mia tatu bondeni, maji yakatuama ikaoza mizizi, hajajenga nyumba ya kupita kuitazama. Shamba lake ukilipita leo utaona mahindi tu.

Kuna Mwingereza mmoja, Peter Wason, aliyewahi kuwapa watu namba tatu: 2, 4, 6. Aliwaambia namba hizi zimefuata kanuni fulani, nao waibuni kwa kumtajia tatu nyingine, yeye awaambie kama zinafuata au hazifuati. Hiyo ilikuwa mwaka 1960. Watu wakataja 8, 10, 12. Ndiyo. Wakataja 20, 22, 24. Ndiyo. Wakasimama kifua mbele: kanuni ni kuongeza mbili! Sivyo. Kanuni ilikuwa namba zipande tu, hata 1, 7, 90 zingekubalika. Wengi hawakuigundua mapema kwa sababu kila walilouliza walikuwa wanatarajia kuambiwa ndiyo. Ndiyo saba zako zinanikumbusha hao. Tafuta aliyeng'oa parachichi, umuulize kwa nini aling'oa. Watu wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, nao wapo, na ukiweza kuja Nane Nane viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya utakutana na wataalamu wa kilimo wengi kwa siku moja kuliko utakaowapata huko kwa mwezi.

Nilishawahi kulima viazi Isyonje mwaka ambao kila mwenye jembe alilima viazi. Nilikuwa nimeona bei ya msimu uliotangulia, na nilimuuliza kila niliyemjua, wakanipa moyo. Tulivuna wote wiki zile zile. Magunia ya lumbesa yalipangwa barabarani kama ukuta, wanunuzi wakawa wanatembea taratibu, wanabonyeza kiazi, wanakwenda. Nilichouzia hakikulipa mbolea. Niliowauliza hawakunidanganya hata mmoja. Walikuwa wanatazama kule kule nilikokuwa natazama mimi.

Ndiyo maana nataka tumzungumzie shemeji kwa utaratibu, kwa heshima anayostahili. Unaandika kwamba ni mtu mwema, hivyo hawezi kukudanganya. Nakubali. Lakini mtu mwema aliyelipa ada ya mtoto wako anaweza kukosea makadirio ya mavuno bila kuwa na ubaya wowote moyoni. Wema wake unanihakikishia nia yake, hauniambii chochote juu ya udongo wala maji wala mkataba. Na hapo kwenye mkataba nilisimamisha kalamu. Umesema ardhi wamekodi. Kwa miaka mingapi? Mche wa Hass uliounganishwa huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu, na mavuno ya maana huja baadaye, kisha mti unaendelea kuzaa kwa miaka mingi sana. Ukodishaji ukiisha mwaka wa tano au wa saba, miti itakuwa ya nani? Mkataba umeandikwa kwa jina la kikundi au la mtu? Mwenye ardhi akifariki, watoto wake wanaujua? Miaka hiyo mitatu ya palizi na maji isiyo na hata tunda moja la kuuza, nani anachangia, na asiyechangia anatolewa vipi? Muulize shemeji haya kwa upole, kama mtu anayetaka kuingia akiwa macho. Akiwa na majibu, utakuwa umepata sababu halisi ya kuingia. Akiwa hana, nadhani hata yeye utakuwa umemsaidia, kwa maana pesa zake pia zimo.

Kuhusu kiingilio, ile 1,200,000, najua inauma. Ni sketi zaidi ya 170. Ila ukiingia au usipoingia, haitarudi. Sasa ukitoa milioni 10 ili 1,200,000 isipotee, ni kama kitambaa ulichokikata vibaya: ukinunua mita kumi nyingine za kitambaa kile kile, ile uliyoiharibu haiponi. Jiulize hivi: kama usingekuwa umetoa hata senti, na mtu mgeni akakuletea kikundi hiki leo na karatasi hizi hizi, ungeweka milioni 10? Jibu lako la kweli kwa swali hilo ndilo la kufuata, liwe ndiyo au hapana. Na kama ni hapana, muulize mweka hazina kama kiingilio kinaweza kuhamishiwa kwa mwanachama mwingine. Katiba imesema hakirudishwi. Kuhamishwa hujaniambia kama imekataza.

Kabla hujashika peni ya dalali kuna jambo moja la sheria, nitalipita haraka ingawa ni zito. Shamba lina jina la marehemu na mirathi haijafunguliwa. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, mwende Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi. Unaweza kuwa wewe. Bila hapo, atakayeuza miti hiyo anauza mali ambayo hajapewa mamlaka ya kuiuza, na wanao wana haki ndani yake. Hapakuwa na ugomvi kwa sababu hapakuwa na pesa mezani. Sasa zipo. Na hatua hiyo inakupa jambo jingine: jibu la adabu kwa anayekuharakisha. "Shemeji, tufungue mirathi kwanza" ni sentensi ambayo mtu mwema hawezi kuikasirikia, na hujakataa wala kukubali. Saba Saba itapita. Misumeno haitaisha Mufindi.

Neno "watu wote" nimelikuta mara nne kwenye barua yako. Ukipata nafasi, kila mahali ulipoliandika weka majina. Nadhani hao wanaoona unachelewesha watatosha kwenye benchi moja la wateja hapo dukani kwako.

Jioni moja mkiwa mmeshakula, kaa na binti yako. Amekua, shamba ni lake pia, na hakuna mahali umeniambia yeye anasema nini. Mjifanye ni Juni, miaka mitatu kutoka sasa, mliuza na mambo yameharibika kabisa. Kila mmoja aandike kivyake yameharibikaje. Kisha mgeuze: hamkuuza na mambo yameharibika. Muandike tena. Someaneni. Yale yatakayotokea kwenye karatasi zote mbili ndiyo ya kushughulikia kabla ya kuamua lolote.

Nimeliacha la mwisho lile linalokunyima usingizi. Mama mkwe wako alizaa na amezika, maneno yake yana uzito huo, usimjibu kwa hesabu. Ila marehemu alikwambia "iangalie". Wewe umesikia "usiikate". Bibi amesikia "ni ya wajukuu". Shemeji, nadhani, amesikia "itumie". Kila mmoja amesikia kile alichokuwa nacho moyoni, na sina haki ya kuwachagulia. Ninachokiona ni kwamba neno lenyewe linaanza na macho, na tangu Desemba hakuna jicho lako lililofika kule. Mchukue na bibi siku mnayokwenda na tepu, kama miguu inamruhusu. Aone mti ambao mwanawe alichimba shimo lake. Huenda mazungumzo mtakayoyafanya mkiwa mmesimama pale yakawa tofauti na yale ya sebuleni.

Mkirudi, niandikie idadi, na uniambie kama barabara ya moto bado inaonekana.

Wako,
Shangazi